Ensaiklopidia ya uhafidhina wa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kukitaja kitabu hiki mbele ya wanafunzi wa siasa na marafiki wanaofuatilia uchaguzi wa Marekani, naulizwa maswali yaleyale. Nimeyaweka pamoja hapa na kuyajibu kadiri nilivyokisoma. Majibu mengine ni mafupi. Mengine yamenilazimu kutoka nje ya kitabu chenyewe, kwa sababu mwulizaji alikuwa akitafuta jambo kubwa kuliko kitabu.

Ni kitabu gani hasa?

Kinaitwa American Conservatism: An Encyclopedia. Kilitoka mwaka 2006, mchapishaji wake ni ISI Books wa Wilmington, katika jimbo la Delaware, na wahariri ni watatu: Bruce Frohnen, Jeremy Beer na Jeffrey O. Nelson. Ni juzuu moja nene yenye makala zaidi ya 600 na maneno zaidi ya nusu milioni, na maandalizi yake yalichukua zaidi ya miaka 15. Mpangilio ni wa kialfabeti. Makala ya kwanza inahusu utoaji mimba, ya mwisho inamhusu Donald Atwell Zoll, msomi ambaye hata Wamarekani wengi hawajapata kumsikia. Katikati wamo watu, majarida, taasisi, matukio na dhana, hasa za kipindi cha baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Wengi wanadhani ni kitabu cha kufungua, kutazama jina moja, na kufunga. Mimi nakisoma kama baraza la wazee ambako kila mmoja anadai yeye ndiye aliyeusikia wosia wa marehemu. Ukikisoma hivyo hukiachi mapema.

Kwa nini tunasema "mhafidhina"? Neno hilo linatosha?

Linatosha kuliko wengi wanavyodhani. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uleule uliotupa hifadhi, kuhifadhi na mhifadhi. Kwa hiyo katika masikio yetu neno hili lina jamaa wengi: mtoto aliyehifadhi Kurani, hifadhi ya Serengeti, samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi. Shida ni kwamba katika taarifa za habari "mhafidhina" amegeuka kuwa mtu mkaidi asiyetaka jambo jipya. Hiyo ni nusu tu ya maana, tena nusu iliyo dhaifu.

Mtu aliyehifadhi Kurani anajua kwamba kuhifadhi ni kazi isiyokwisha. Asipodurusu kila siku, aya zinamponyoka. Edmund Burke, ambaye nitamzungumzia punde, alisema jambo linalofanana na hilo kuhusu dola: dola isiyo na njia ya kujirekebisha haina njia ya kujihifadhi. Ukiyashika maneno hayo, umeshika mlango wa kuingilia katika mapokeo haya.

Kwa upande wa Ulaya, neno lilianza kuwa jina la kisiasa Ufaransa, pale Chateaubriand alipoanzisha jarida lake Le Conservateur mwaka 1818. Waingereza walilichukua katika miaka ya 1830, na tamko la Robert Peel la Tamworth la mwaka 1834 ndilo linalotajwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha chama chao cha Conservative. Kabla ya hapo waliitwa Tory, neno lililotokana na Kiairishi na ambalo awali lilikuwa tusi la kumwita mtu haramia.

Mapokeo yanayojivunia ukale yanahitaji ensaiklopidia ya mwaka 2006 kwa nini?

Kwa sababu Marekani haikuwa na hakika kama mapokeo hayo yapo. Mwaka 1950 mhakiki wa fasihi Lionel Trilling aliandika kwamba uliberali ndio uliokuwa mapokeo pekee ya kifikra nchini humo, na kwamba upande wa pili hakukuwa na fikra zozote zilizokamilika, ila mihemko iliyojaribu kufanana na fikra. Hakuwa akitukana. Alikuwa akieleza alichokiona, tena kwa masikitiko fulani, maana alijua kwamba wazo lisilopingwa hulegea.

Miaka mitatu baadaye alijitokeza Russell Kirk, mwana wa dereva wa treni kutoka Plymouth, Michigan. Alikuwa amekwenda Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, akaandika tasnifu ya udaktari, na mwaka 1953 mchapishaji Henry Regnery wa Chicago akaitoa kama kitabu: The Conservative Mind. Kirk alianza na Burke, akapita kwa John Adams na wengine wengi, akaishia kwa mwanafalsafa Santayana. Alichowapa wahafidhina wa Marekani ni kile ambacho familia nyingi za mwambao wetu zinakijua vizuri, yaani shajara: fulani bin fulani, mpaka kwa babu wa kwanza.

Na kama ilivyo kwa shajara nyingi, watu walianza kuuliza mara moja nani aliyeachwa na nani aliyepachikwa. Ubishi huo haujaisha. Ensaiklopidia hii ni mtoto wake: watu waliopewa nasaba mwaka 1953 wanajaribu, nusu karne baadaye, kuorodhesha ukoo mzima.

Mchapishaji naye ni sehemu ya habari hii. ISI ni shirika lililoanzishwa mwaka 1953 na Frank Chodorov ili kupeleka fikra hizi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na rais wake wa kwanza alikuwa kijana William F. Buckley Jr., ambaye mwaka 1955 alianzisha jarida la National Review. Katika toleo la kwanza la jarida hilo, Buckley alitangaza kwamba jarida hilo linasimama mbele ya historia likiipigia kelele isimame.

Burke ni nani, na kwa nini kila mtu anaanza naye wakati hakuwa Mmarekani?

Edmund Burke alizaliwa Dublin mwaka 1729, mama Mkatoliki na baba Mprotestanti, akawa mbunge London kwa karibu miaka 30. Hakuandika nadharia iliyopangwa. Aliandika na kuhutubia pale jambo lilipotokea, na mambo manne ndiyo yanayobeba jina lake.

Machi 1775 alilisihi Bunge la Uingereza lipatane na Wamarekani badala ya kuwapiga. Hoja yake ilikuwa kwamba wale ni watu waliozoea uhuru wa Kiingereza, na mazoea ya watu hayavunjwi kwa mabavu bila kuvunja watu wenyewe. Kabla ya hapo, Novemba 1774, aliwaambia wapiga kura wake wa Bristol kwamba mbunge hawi mjumbe wa kupeleka salamu tu. Anawiwa nao akili yake pia, na anawasaliti akiitoa kafara kwa ajili ya maoni yao. Miaka 6 baadaye kiti hicho cha Bristol kilimponyoka.

La tatu ndilo linalojulikana zaidi. Novemba 1790 alitoa kitabu chake dhidi ya mapinduzi ya Ufaransa, kabla mfalme hajauawa na kabla ya mauaji ya halaiki ya miaka iliyofuata. Alisema kwamba wanaobomoa taasisi zote kwa siku moja ili wajenge kwa mchoro wa akili tupu watamalizikia mikononi mwa jenerali. Alikufa mwaka 1797. Napoleon alitwaa madaraka mwaka 1799. Ndani ya kitabu hicho kuna fikra ambayo msomaji wa Kiswahili haihitaji kufafanuliwa sana: jamii ni ushirika wa walio hai na waliokufa na ambao hawajazaliwa. Mzee yeyote anayekataa kuuza kiwanja cha ukoo anaweza kuisema fikra hiyo bila kumsoma Burke.

La nne wengi hulisahau, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Kuanzia Februari 1788 Burke aliongoza mashtaka dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Kampuni ya India Mashariki huko Bengal. Kesi ilidumu miaka 7 na Hastings akaachiwa mwaka 1795. Utetezi mmoja uliotolewa ulikuwa kwamba matendo ya gavana katika Asia hayawezi kupimwa kwa vipimo vya Ulaya. Burke aliukataa. Aliuita maadili ya kijiografia, kana kwamba mtu akivuka mstari fulani wa ramani wema wote hufa. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Je, wahafidhina wote wa Marekani wanaamini kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo kitabu kinapokuwa na utamu wake.

Baada ya 1945 kulikuwa na makundi matatu yaliyokutana kwenye ukumbi mmoja kwa sababu mvua ilikuwa ileile. La kwanza ni watetezi wa mapokeo, Kirk akiwa mbele yao, pamoja na Richard Weaver aliyetoa kitabu Ideas Have Consequences mwaka 1948, na mwanasosholojia Robert Nisbet. Hawa walilia juu ya kuvunjika kwa familia, parokia, mtaa na imani. La pili ni watetezi wa soko huria na uhuru wa mtu binafsi, ambao Wamarekani huwaita walibertari. Friedrich Hayek ndiye mwalimu wao mkubwa. Kitabu chake cha mwaka 1944, The Road to Serfdom, kilionya kwamba serikali ikipanga uchumi wote itaishia kupanga maisha yote. La tatu ni wapinzani wa ukomunisti, wengi wao wakiwa wameutoka wenyewe. Whittaker Chambers, aliyewahi kuwa mpelelezi wa Wasovieti kisha akatoa ushahidi dhidi ya Alger Hiss, aliyekuwa afisa wa serikali ya Marekani, ndiye sura yao isiyosahaulika.

Angalia jinsi wasivyolingana. Soko huria ndilo linalohamisha watu, linalofunga kiwanda cha mji mmoja na kufungua kingine mbali, linalouza chochote kinachouzika. Mtetezi wa mapokeo anaona hapo mbomoaji wa mtaa wake. Kirk, aliyeishi katika kijiji cha Mecosta huko Michigan, aliyaita magari Majakobini wa chuma, akimaanisha kwamba yamevunja jamii za zamani kama wanamapinduzi wa Paris walivyofanya. Hayek naye, mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1960, aliweka sura nzima kueleza kwa nini yeye si mhafidhina. Na hata hivyo yumo humu ensaiklopidiani, tena kwa heshima.

Frank Meyer, mhariri wa National Review, ndiye aliyejaribu kuwafunga pamoja. Alisema wema usiotokana na hiari si wema, kwa hiyo serikali iache watu huru, na jamii, dini na familia ziwafundishe kuutumia uhuru huo vyema. Wenzake waliiita hoja hiyo kwa neno lenye maana ya kuyeyusha vitu viwili viwe kimoja. Kwa Kiswahili napenda kusema mseto. Je, mseto ulishika? Katika chaguzi ulishika, maana ndio uliomfikisha Ronald Reagan ikulu mwaka 1981. Katika fikra, mimi nadhani ulishikiliwa na hofu ya Moscow. Moscow ilipoanguka mwaka 1991, kila mtu alirudi chumbani kwake.

Wapo pia waliotolewa nje. Mwaka 1957 Chambers alikihakiki katika National Review kitabu kikubwa cha Ayn Rand, mtetezi wa ubinafsi asiyeamini Mungu, na uhakiki ule ulikuwa kama kumfungia mlango. Mwaka 1962 Buckley alimgeukia Robert Welch, mwanzilishi wa John Birch Society, aliyekuwa ameandika kwamba hata Rais Eisenhower alikuwa akiwatumikia wakomunisti.

Wahafidhina mamboleo ni kina nani?

Ni wasomi, wengi wao wa New York, waliotoka mrengo wa kushoto katika miaka ya 1960 na 1970. Irving Kristol ndiye anayetajwa kwanza. Jarida lake The Public Interest lilianza mwaka 1965. Walikubali dola ya ustawi kwa kiasi, wakashuku mipango yake iliyotaka kubadili tabia za watu, na wakataka Marekani iwe na sauti kubwa duniani. Wapinzani wao wa ndani, wahafidhina wa kale, waliwaona wageni waliokalishwa sebuleni wakaanza kuhamisha samani. Vita vya Iraki vya mwaka 2003 viliwatenganisha vibaya, na kitabu kiliandikwa wakati joto hilo likiwa bado linawaka.

Uhafidhina ni kitu kimoja na chama cha Republican?

Hapana. Chama ni gari, na abiria hubadilika. Eisenhower alikuwa Republican, na National Review ilimwona vuguvugu. Miaka mingi Wademokrati wa Kusini walikuwa wahafidhina kuliko Warepublican wa New York.

Vipi kuhusu ubaguzi wa rangi? Tusifichane.

Tusifichane. Agosti 1957 National Review ilichapa tahariri iliyosema kwamba wazungu wa Kusini wana haki ya kuchukua hatua za kuendelea kutawala hata mahali ambapo hawakuwa wengi, kwa kuwa kwa wakati ule wao ndio jamii iliyoendelea. Hayo yaliandikwa wakati ambapo mtu mweusi wa Mississippi aliyejaribu kujiandikisha kupiga kura aliweza kupoteza kazi, nyumba au uhai. Mwaka 1964 Seneta Barry Goldwater, mgombea urais wa kwanza ambaye harakati hii ilimwita wake, alipiga kura ya hapana kwa Sheria ya Haki za Kiraia. Sababu aliyotoa ilikuwa ya kikatiba, na aliwahi kuunga mkono sheria za namna hiyo za 1957 na 1960. Lakini Novemba alishinda majimbo 6 tu: Arizona ya kwao, na matano ya Kusini kabisa, Louisiana, Mississippi, Alabama, Georgia na South Carolina. Waliompigia kura huko hawakuwa wakisoma katiba.

Mwaka 2004, akiwa mzee, Buckley alikiri hadharani kwamba alikosea. Alikuwa ameamini mambo yangejirekebisha polepole, na sasa aliona kwamba mkono wa serikali kuu ulihitajika. Naheshimu kukiri huko. Lakini kosa lenyewe lilikuwa ndani ya fikra, halikuwa ajali iliyompata mtu njiani. Ukisema kwamba desturi ya mahali iheshimiwe, lazima uulize desturi hiyo inamlalia nani. Watu weusi wa Alabama nao walikuwa na mapokeo: makanisa yao, shule zao, zaburi zao, wazee wao. Harakati iliyojinasibu kutetea jamii ndogo dhidi ya dola ilizitazama jamii hizo bila kuziona.

Wako wasomi weusi ndani ya mapokeo haya, na si wa kupamba tu. George Schuyler alikuwa mwandishi mkali wa magazeti tangu miaka ya 1920. Thomas Sowell, mwanauchumi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1930 na kukulia Harlem, ameandika vitabu vingi juu ya uchumi na makabila ambavyo hata wapinzani wake wanalazimika kuvijibu.

Je, haya yote yana uhusiano wowote na sisi Afrika Mashariki?

Ensaiklopidia yenyewe ni ya Marekani na haina mengi ya kutuhusu. Lakini mapokeo yaliyoizaa yalifika kwetu kwa njia ya London, na kuna usiku mmoja ambao kila anayeuliza swali hili anapaswa kuujua.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, askari wa magereza waliwapiga watu waliowekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau walipokataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ilivihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi ulionyesha ni kipigo.

Serikali iliyokuwa madarakani London ilikuwa ya wahafidhina. Usiku wa tarehe 27 Julai jambo lilijadiliwa bungeni, na kutoka viti vya chama hichohicho akasimama Enoch Powell. Wapo waliokuwa wamesema marehemu walikuwa watu waovu kupindukia, kana kwamba vifo vyao havistahili kuhesabiwa sawasawa. Powell aliikataa hoja hiyo moja kwa moja. Hakuna binadamu, alisema kwa maana yake, mwenye haki ya kumhukumu mwenzake hivyo. Kisha akasema hatuwezi kuwa na vipimo vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na labda vya Kiingereza nyumbani. Akataka wajibu ubebwe na wakubwa.

Aliyesoma kesi ya Hastings anamsikia Burke ndani ya maneno hayo, miaka 171 baadaye. Maadili hayana ramani.

Natamani habari iishie hapo. Powell huyohuyo, Aprili 1968, alitoa hotuba Birmingham dhidi ya wahamiaji iliyowatia hofu watu weusi na Waasia wa Uingereza kwa kizazi kizima, na kiongozi wa chama chake akamfukuza kwenye nafasi yake siku iliyofuata. Wiki chache kabla, serikali ya Labour ilikuwa imepitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie nchini humo. Miongoni mwa waliopiga kura kuipinga, kutoka upande wa wahafidhina, ni Iain Macleod. Yeye ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni kati ya 1959 na 1961, aliyeharakisha uhuru wetu, aliyekuja Dar es Salaam Machi 1961 kwenye mkutano wa katiba katika ukumbi wa Karimjee. Alisema alikuwa ametoa ahadi kwa watu wale na hakuwa tayari kuivunja.

Watu wawili wa chama kimoja, na vitabu vilevile kabatini. Ndiyo maana sipendi kuulizwa "wahafidhina wanasemaje". Afadhali kuuliza ni nani, lini, na alikuwa akihifadhi nini.

Mtu anayeshika mila kwetu ni mhafidhina wa namna hii?

Kwa tahadhari yake, mara nyingi ndiyo. "Usiache mbachao kwa msala upitao" ni hoja kamili ya Burke katika maneno matano. Lakini kutaja mila hakutoshi. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alijenga juu ya familia ya Kiafrika ya zamani, akiita ujamaa urithi na wala si bidhaa ya kigeni. Hapo angeweza kukaa meza moja na Nisbet, ambaye mwaka 1953 aliandika kwamba dola ya kisasa inakua kwa kumeza vikundi vidogo vilivyo kati yake na mtu mmoja. Kisha ikaja amri ya 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni, wengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Familia zilizokuwa msingi wa hoja ndizo zilizoondolewa kwenye makaburi ya babu zao. Nisbet angekuwa ameshainuka mezani.

Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wangu hudhani mapokeo haya yanazungumzia kodi za matajiri wa Texas pekee. Yanazungumzia pia nani mwenye haki ya kukuhamisha.

Kimeandikwa na wahafidhina wenyewe. Nikiamini?

Kiamini kama unavyomwamini mtu anayekusimulia ukoo wake: majina na miaka kwa kawaida viko sawa, sifa zipime. Waandishi wengi ni watu wa ndani, na hilo lina faida yake. Mtu wa nje angeandika habari za ugomvi wa Kirk na walibertari kwa aya moja. Wao wanajua nani alimnunia nani na kwa sababu gani. Makala zina majina ya waandishi, basi zoea kuangalia nani kaandika. Kasoro kubwa ninayoiona ni kwamba pale palipo na aibu, sauti inashuka. Ukifika hapo, weka kando ensaiklopidia na tafuta mwanahistoria asiye wa ukoo huo.

Si kimepitwa na wakati?

Kwa habari za siasa za leo, ndiyo. Kilitoka kabla Buckley hajafariki mwaka 2008, kabla ya vuguvugu la Tea Party la 2009, kabla ya Donald Trump kushinda mwaka 2016, na kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuitengua hukumu ya Roe ya mwaka 1973 iliyolinda haki ya kutoa mimba, jambo lililotokea Juni 2022. Makala ile ya kwanza kabisa, ya utoaji mimba, inaelezea dunia ambayo haipo tena kisheria.

Kwa kuelewa ugomvi wa leo ulitoka wapi, bado hakina mbadala ninaoujua. Hoja za wahafidhina wa kale dhidi ya vita vya mbali, biashara huria na uhamiaji zimo humu, zimeandikwa wakati ambapo karibu kila mtu aliona zimeshazikwa. Miaka 10 baadaye zilikuwa zikipigiwa makofi kwenye mikutano ya kampeni.

Sina kitabu hiki wala sina fedha za kukiagiza. Nianzie wapi?

Anza na vitu visivyolipiwa. Maandishi ya Burke yote yametoka kwenye hakimiliki zamani na yanapatikana mtandaoni bure. Soma kwanza hotuba ya Bristol ya 1774, ni fupi, kisha ya upatanisho na Amerika ya 1775. Kitabu cha Ufaransa kiache cha tatu, maana sentensi zake ni ndefu na anaruka kutoka jambo hadi jambo. Soma na jibu la Thomas Paine la 1791, Rights of Man, ili umsikie na aliyempinga. Kumbukumbu za Bunge la Uingereza nazo ziko wazi mtandaoni. Tafuta tarehe 27 Julai 1959, mjadala wa Hola. Hotuba ya Powell ilitolewa usiku wa manane. Isome pole pole, na kama una mtu kutoka Tana River karibu nawe, msomee.